Betri inayokufa kila Jumatatu

Wadau, nimekuwa kimya kidogo hapa, na sababu yake ni mchuma. Nina gari dogo la Kijapani, lililozaliwa miaka ya 1990, likaletwa Dar es Salaam baada ya kutumika vya kutosha huko kwao. Nimelirithi kwa baba. Kwa miezi mitatu lilikuwa na tabia moja isiyoeleweka. Jumanne hadi Ijumaa linawaka bila maneno. Jumatatu asubuhi nazungusha ufunguo, nasikia tik, tik, tik, basi. Jirani analeta waya, tunabusti, nafika kazini nimechelewa na mikono imejaa unga mweupe wa kwenye terminali.

Nikanunua betri mpya. Ilivumilia Jumatatu mbili, ya tatu ikazimika. Nikarudi kwa muuzaji kwa hasira. Akaichaji, akaipima, akasema betri nzima. Fundi wa kwanza akapima altaneta injini ikiwa inaunguruma, akapata volti 13.9, akasema altaneta nayo nzima. Mnaona tulipofika? Betri nzima, altaneta nzima, gari haliwaki.

Sasa nyumbani kwetu, kama vitu vyote ni vizima na jambo bado limeharibika, anatafutwa mtu. Na mtu alikuwepo. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma chuo na alikuwa anaishi kwetu. Jumamosi ndiye anayeosha gari, na akiosha anafungua redio. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia, tena mbele ya watu, "Dogo, wewe ndiye unayeniulia betri." Akakataa. Mama akaanza kulala na ufunguo chini ya mto. Jumatatu iliyofuata gari halikuwaka, na mimi badala ya kufikiri nikadhani kijana ana ufunguo mwingine. Wiki hiyo alifunga begi, akahamia kwa shangazi Mbagala.

Nikawa napanda daladala, na kwenye foleni nikaanza kusoma historia ya betri. Naomba mnivumilie, kwa sababu humo ndimo nilimomkuta mwizi wangu.

Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia alipanga vipande vya madini mawili tofauti, na kati yake vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi, akapata umeme unaotiririka. Ilikuwa betri ya kutumia na kutupa, kama zile za tochi. Betri ya gari lako ni ya ukoo mwingine. Ilianza mwaka 1859 kwa Mfaransa Gaston Planté, aliyeviringisha mabati mawili ya madini ya risasi, akayatenganisha yasigusane, akayatumbukiza kwenye tindikali ya salfa. Akagundua kwamba ukiipa umeme inauweka, na ukiuhitaji inakurudishia. Kinachonichekesha ni kwamba wakati huo hapakuwa na jenereta ya maana ya kuichajia. Planté aliichaji kwa kutumia betri za kutupa! Yaani betri ya kuchaji ilizaliwa kabla ya chaja yake, na ikangoja. Mwaka 1881 Mfaransa mwingine, Camille Faure, akapaka mabati hayo uji mzito wa oksaidi za risasi, na betri ikawa kitu cha kutengenezwa kiwandani.

Mwaka 1882 wataalamu wawili Waingereza, Gladstone na Tribe, wakaeleza kinachotokea mle ndani. Ukitumia umeme, mabati yote mawili yanafunikwa na salfeti ya risasi, na tindikali inapungua makali, inakaribia kuwa maji. Ukichaji, salfeti inarudi kuwa tindikali. Ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa na kile kibomba cha kioo chenye chelezo ndani, haidromita, cha kunyonyea maji ya betri. Walikuwa wanapima uzito wa tindikali. Betri iliyojaa, tindikali yake ni nzito kuliko maji mara 1.26 hivi. Iliyokwisha inashuka mpaka kama 1.1. Leo tunatumia mita: gari likiwa limepumzika, volti 12.6 ni tumbo limejaa, 12.2 ni nusu, chini ya 12 ni njaa.

Shikeni jambo moja hapa. Betri ikiachwa na njaa kwa siku nyingi, ile salfeti inagangamaa, na sehemu yake hairudi tena hata uchaji usiku kucha. Kwa hiyo betri mpya ikifia mikononi mwako mara tatu nne, hatimaye inakuwa mbovu kweli. Muuzaji aliponiambia betri yangu nzima, alikuwa sahihi siku ile. Baada ya mwezi asingekuwa sahihi.

Mwanzoni kabisa betri ilikuwa na mategemeo makubwa kuliko petroli. Aprili 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alivuka kilomita 100 kwa saa, binadamu wa kwanza kufanya hivyo barabarani, akiwa kwenye gari la umeme lenye betri za risasi. Petroli ilishinda baadaye, lakini gari la petroli lilikuwa na aibu yake: lazima mtu ashuke, achomeke hendeli mbele, azungushe. Injini ikirudisha nyuma, hendeli inavunja mkono. Wazee waliofanya kazi na Land Rover za zamani wanaijua vizuri, na baadhi yao wana alama.

Aliyeiondoa aibu hiyo ni Charles Kettering wa Dayton, Ohio. Kabla ya magari alikuwa kwenye kampuni ya mashine za kuhesabia fedha dukani, akabuni mota ndogo ya kufungulia droo. Mota ile haikuhitaji kufanya kazi siku nzima. Ilihitaji kusukuma kwa nguvu kwa nukta chache, kisha ipumzike. Wazo hilo hilo akalipeleka Cadillac, na magari yao ya mwaka 1912 yakatoka na stata ya umeme. Kuna kisa kinachosimuliwa sana kwamba mkubwa wa Cadillac, Henry Leland, aliitaka stata baada ya rafiki yake kuuawa na hendeli. Wasimuliaji hawakubaliani kisa kilikuwaje, kwa hiyo mimi nakipita.

Muhimu kwetu ni kwamba tangu siku hiyo betri ya gari ilipewa kazi ya ajabu: itoe ampia mia kadhaa kwa nukta mbili tatu, halafu ijazwe haraka. Ili iweze, mabati yake yakafanywa mengi na membamba. Betri ya gari si Juma Ikangaa. Ni mtu wa mbio fupi. Ukiikimbiza marathoni, yaani ukiinyonya taratibu mpaka mwisho, unaiumiza.

Na hapa ndipo mwizi anapoingia. Mashine ya Kettering ilikuwa stata na dinamo kwa pamoja. Ukiipa umeme inazunguka. Ukiizungusha inatoa umeme. Maana yake ni kwamba injini ikizimwa, umeme uliokuwa unaingia kwenye betri unaweza kugeuza njia na kurudi kwenye dinamo. Kwa hiyo magari yenye dinamo yaliwekewa mlango, swichi ndogo ya sumaku ambayo mafundi wetu waliiita katauti. Injini ikizunguka, mlango unafunguka. Injini ikilala, unafungwa. Midomo ya swichi ikiungua na kugandana, mlango unabaki wazi, na asubuhi betri imekauka.

Mwaka 1960 Chrysler wakatoa Valiant ikiwa na altaneta badala ya dinamo, na kampuni nyingine zikafuata. Altaneta inatoa umeme wa kutosha hata injini ikiwa inanguruma polepole kwenye foleni, jambo ambalo dinamo ililishindwa. Lakini umeme wake ni mkondo geu, unaokwenda na kurudi, na betri haiutaki. Kilichosaidia ni dayodi za silikoni, vitu vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, ambavyo sasa vilikuwa imara na bei yake inashikika. Kwa kawaida zinawekwa 6 mle ndani ya altaneta. Zinanyoosha mkondo, na hapo hapo zinakuwa mlango. Katauti ikaenda makumbusho.

Niliposoma hayo nikasema, ngoja nitafute mtu aliyeziona zama zote mbili. Nikaelekezwa kwa mzee mmoja Gerezani, fundi umeme wa magari tangu enzi za dinamo. Nikamwamkia, nikaanza kumweleza kwa mbwembwe habari za Planté na Kettering. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Linakufa siku gani, mwanangu?"

"Jumatatu, mzee."

"Wikiendi linatembea?"

"Halitembei. Naliegesha Ijumaa jioni."

Akatikisa kichwa. Alizima kila kitu, akafunga milango, akachomoa waya wa hasi kwenye betri, akaunganisha mita ya ampia kati ya waya na betri. Gari lililolala linaruhusiwa kunywa kidogo: saa, alamu, kumbukumbu ya kompyuta, na redio. Vyote hivyo kwa pamoja visizidi 0.05 ya ampia. Mita ilionyesha 0.5. Mara kumi!

Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Ya redio kwanza, na mimi nikakaza macho kwenye mita kama mtu anayesubiri hukumu. 0.5 ile ile. Ya alamu, vile vile. Taa za ndani, taa ya buti, honi, vile vile. Nilimwambia labda mita imeharibika. Hakunijibu. Alichukua spana, akafungua nati ya waya mnene nyuma ya altaneta, akauvuta pembeni. Mita ikashuka mpaka 0.03.

"Dayodi," akasema. "Inachaji vizuri mchana, usiku inavuja. Wenzangu walipima mchana tu."

Nikatoa simu nikapiga hesabu. Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumatatu saa 12 asubuhi ni saa 60. Mara 0.5, ni ampia-saa 30. Betri yangu yote ni 45. Siku za kazi, kwa usiku wa saa 12 gari linavuja ampia-saa 6, na safari ya kwenda na kurudi mjini inazirudisha. Kwa hiyo kijana wa watu angeweza kukaa Jumamosi nzima bila kuligusa gari, na Jumatatu lisingewaka. Ilikuwa hesabu ya darasa la sita, na mimi nilikuwa nimeshatoa hukumu.

Mzee akanisimulia, huku anafungua altaneta, kwamba zamani akiwa kibarua kwenye gereji ya malori, turnboi mmoja alifukuzwa kazi kwa tuhuma kwamba anawasha taa usiku ili asome. Baadaye wakafungua sanduku la katauti, midomo imegandana. Kijana alikuwa ameshaondoka mjini. Hakuongeza neno, akaniomba nimshikie tochi.

Wale mnaosema magari mapya hayana shida hizi, hata gari la umeme mtupu mara nyingi lina betri nyingine ndogo ya volti 12 ya kuamshia mitambo yake, na ikifa gari zima linakuwa sanamu. Kwa hiyo kabla hujanunua betri ya tatu, pima kwanza ikiwa imelala, pima injini ikiunguruma (iwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi), halafu pima gari likiwa limezimwa kabisa. Hiki kipimo cha tatu ndicho kinachorukwa, kwa sababu kinataka muda na hakina sauti.

Dayodi zimebadilishwa. Jumatatu mbili zimepita na gari limewaka kwa mzunguko wa kwanza. Betri nimeirudisha kwenye chaji ya polepole, naiombea.

Dogo nimempigia simu mara nne hajapokea. Ya tano alipokea, akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa kaka," akakata. Jumapili naenda Mbagala. Mama amesema nisirudi peke yangu.