Kigoda cha Miguu Mitatu: Asili ya Neno Tripos

Wako wanaodhani kwamba Tripos, jina la mtihani wa shahada ya heshima katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, limetokana na mtihani huo kuwa na sehemu tatu. Dhana hiyo haina msingi. Asili ya neno ni kigoda cha miguu mitatu. Katika karne ya 16, mhitimu mmoja alikikalia kigoda hicho akajadiliana na watahiniwa mbele ya hadhara, na baadaye ikawa desturi awafanyie mzaha. Jina la kigoda likamhamia yeye mwenyewe, kisha likahamia mashairi ya Kilatini yaliyotolewa siku ya mijadala. Tangu miaka ya 1740, orodha ya waliofaulu hisabati ilipigwa chapa nyuma ya karatasi za mashairi hayo. Basi jina likaishika orodha, na hatimaye mtihani. Kigoda kikatoweka, mashairi yakakoma, jina likabaki.

Mwendo huu si mgeni katika Kiswahili: shahada, ambayo asili yake ni ushahidi, leo ni daraja la elimu. Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha asikisie asili ya neno kwa umbo lake tu. Na azifuate nyayo zake katika historia.