Mashapo

Mashapo, kwa maana ya kale, ni machujo: kile kinachotua chini ya chombo na mtu akakimwaga. Vitabu vya jiografia vililichukua neno hilo vikatupatia "miamba mashapo", na sasa ndilo tunalotumia kwa tope lililojikusanya kwenye sakafu ya ziwa. Tatizo ni kwamba bado linanuka taka, kana kwamba ni kitu kisicho na kazi.

Tazama Ziwa Victoria. Moshi wa mashamba na nyika zinazochomwa hubeba naitrojeni hewani, mvua ikaishusha majini. Mbolea na maji taka ya mijini huongeza nyingine. Ikizidi, mwani na magugumaji hunenepa. Kule chini kwenye mashapo, pasipo na oksijeni, bakteria hupumua kwa kutumia naitreti, yaani naitrojeni iliyoungana na oksijeni. Huinyang'anya oksijeni yake hatua kwa hatua hadi ibaki gesi ya naitrojeni, ileile iliyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta, nayo hupanda ikarudi angani bila madhara. (Kazi ikikatikia njiani hutoka oksidi ya naitrasi, ambayo kwa uzito uleule hupasha dunia joto karibu mara 270 kuliko kaboni dioksidi.)

Wataalamu huiita kazi hiyo ya bakteria denitrifikesheni. Mimi ningeandika "uondoaji wa naitreti". Mashapo nisingeyagusa, ila kamusi zikichapwa upya, maana ya ziwani itangulie ile ya machujo. Hata chicha la nazi huliwa na kuku.