Ingokho ya Shosh Itafika Majuu? Cheki Hii Kabla Uende Airport

Shosh amekufungia ingokho ya kukausha, asali na siagi ya njugu, na usiku uko na ndege JKIA. Kabla upande matatu ya Kisumu, panga mzigo hivi.

Begi ya mkono: kitu yoyote ya kumwagika ama kupakwa lazima ikuwe kwa chupa ya mililita 100 kushuka chini. Asali na siagi ya njugu hushikwa hapo. Chupa kubwa, hata ikiwa nusu, haipiti. Weka hizo kwa begi kubwa ya kuenda chini ya ndege. Njugu za kukaanga hazina noma.

Lakini maze, kupita skana si kupita mpaka. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu abiria kuingia na nyama ama maziwa kutoka Kenya. Ingokho na mursik zinaishia kwa pipa. Asali, Umoja wa Ulaya wanakubali hadi kilo 2. Marekani, taja kila chakula umebeba: ukisema ukweli, mbaya zaidi watachukua chakula. Ukificha, unaeza pigwa faini.

So hiyo ingokho ikule Kakamega, shosh akikuona. Njugu na asali ndio za safari.