Pengo Lililopimwa

Mtu asimamaye Newala, ukingoni mwa Shimo la Mungu, huona kuwa utupu nao una mipaka yake. Chini ya mji wa Hamburg, Ujerumani, utupu ulikuwa ushahidi. Humo, katika mtambo wa HERA, wenye duara la kilomita 6.3, elektroni na protoni ziligonganishwa tangu mwaka 1992 hata 2007.

Ilitazamiwa kwamba protoni, ikipigwa kwa nguvu kubwa hivyo, itavunjika, na vipande vyake vitaonekana upande ilikokuwa ikielekea. Lakini mwaka 1993 wataalamu wa chombo ZEUS walitangaza migongano ambayo upande ule ulikuwa mtupu. Wenzao wa H1 wakathibitisha. Hatimaye ikahesabiwa yapata mgongano 1 katika kila 10. Protoni ilikuwa imesalimika nzima.

Kupima basi kukawa kwa njia mbili: kuhesabu migongano yenye pengo, na kuweka vipimo kando ya bomba, mbali na mgongano, ili kuinasa protoni iliyookoka. Kilichopita kati yake na elektroni huitwa pomeroni, kwa jina la mwanafizikia wa Kisovieti, Pomeranchuk. Jina hilo lilitangulia HERA kwa miaka mingi. HERA ikaonyesha kuwa ndani yake zimejaa gluoni. Naam, asiyehesabu palipo patupu hajamaliza kupima.