Hesabu Zilizowekwa Fungu Moja na Mizinga

Katika Pwani yetu upo mchezo wa maneno wa tangu zamani uitwao kinyume. Silabi ya mwisho inatangulizwa mbele: nyumba inakuwa mbanyu, kitabu kinageuka bukita. Wawili waliouzoea huweza kusemezana mbele ya mgeni naye asiambulie kitu. Lakini mgeni huyo akishaijua kanuni, siri imekwisha, na hakuna namna ya kumsahaulisha.

Wafalme na majemadari waliishi na taabu ya aina hiyo kwa karne nyingi. Walibuni mafumbo magumu kuliko kinyume, ila hata fumbo gumu lilihitaji ufunguo, na ufunguo ulihitaji mjumbe wa kuufikisha kwa mwenzako. Mjumbe akikamatwa njiani, kazi yote imeharibika.

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha makala iliyomwondoa mjumbe. Fikiria kufuli lile la kubana kwa mkono, lisilohitaji ufunguo wakati wa kufunga. Mtu wa Tanga anayetaka kupokea barua za siri anatawanya makufuli yake yakiwa wazi katika kila mji, na ufunguo anabaki nao mfukoni. Wewe uliye Mombasa unachukua kufuli lake moja, unatia barua katika kasha, unabana, unatuma. Kuanzia hapo hata wewe mwenyewe huwezi kulifungua. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman wa chuo cha MIT walilipatia kufuli hilo hesabu yake. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua macho; kupewa jibu ukazitafute zile mbili zilizolizaa ni kazi inayoweza kuzishinda mashine kwa miaka mingi. (Mwaka 1997 ilikuja kujulikana kwamba wataalamu wa idara ya ujasusi wa mawasiliano ya Uingereza walikuwa wamefika huko mapema zaidi, wakaamriwa kunyamaza.)

Hesabu ile ilikuwa wazi kwa kila msomaji. Programu iliyoitumia ilikuwa jambo jingine. Sheria ya Marekani ya kudhibiti usafirishaji wa silaha ilikuwa na orodha ndefu: mizinga, vifaru, ndege za kivita, makombora. Ndani ya orodha hiyo hiyo vilikuwamo vyombo vya kufumba mawasiliano pamoja na programu zake. Kuvipeleka nje bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Nje kulikuwa kosa la jinai, sawa na kusafirisha bunduki kwa magendo. Tangu vita vya pili vya dunia kanuni hiyo haikumsumbua mtu wa kawaida, maana mitambo ya kufumba ilikuwa mali ya majeshi na mabalozi. Mambo yalibadilika kompyuta ilipoingia sebuleni.

Phil Zimmermann alikuwa mtaalamu wa programu katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado, na mwanaharakati wa kupinga silaha za nyuklia. Alikuwa na hamu ya muda mrefu ya kutengeneza programu ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta ya nyumbani angeweza kufumbia barua zake. Mwaka 1991 Joe Biden, wakati huo seneta wa Delaware, alipeleka katika Seneti muswada wa kupambana na uhalifu wenye kifungu kilichozitaka kampuni za mawasiliano zihakikishe serikali inaweza kupata maneno ya wateja yakiwa wazi. Kifungu hicho baadaye kiliondolewa, lakini Zimmermann alikwisha kushtuka. Aliacha kazi nyingine, akakosa kulipa mkopo wa nyumba kwa miezi kadhaa, akaimaliza programu yake na kuiita PGP. Mwezi Juni mwaka huo ikatolewa bure. Rafiki yake mmoja alizunguka na gari katika eneo la San Francisco akiwa na kompyuta ya kubeba na modemu, akisimama kwenye simu za barabarani na kuipandisha kwenye mitandao mmoja baada ya mwingine, akihofia serikali isije ikawahi kuizuia.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro kubwa, na jambo hili linanivutia kuliko ushujaa wa simu za barabarani. Zimmermann alikuwa amebuni mwenyewe kanuni ya kufumba, akiiamini. Mtaalamu wa Israeli, Eli Biham, akaitazama na kumwonyesha mahali inapovuja. Zimmermann hakubishana. Aliitupa, akachukua kanuni ya IDEA iliyobuniwa Uswisi na kuchunguzwa na wengi, na mwaka 1992 akatoa toleo la pili. Kasoro ilionekana mapema kwa sababu msimbo wote, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulikuwa mbele ya macho ya watu.

Programu iliyowekwa kwenye mtandao haijui mpaka. Muda mfupi tu PGP ilikuwa Ulaya, Asia na kwingineko. Mwanzoni mwa 1993 wachunguzi wa Idara ya Forodha ya Marekani walimwendea Zimmermann, na jopo la raia huko San Jose likaanza kusikiliza ushahidi ili kuamua kama ashtakiwe kwa kupeleka silaha nje. Miaka mitatu aliishi chini ya kivuli hicho bila kujua kama angelala nyumbani au gerezani. Katika miaka hiyo watetezi wa haki za binadamu katika nchi mbalimbali walikuwa wakiitumia programu yake kuficha majina ya mashahidi. Barua moja ilimfikia kutoka Latvia, siku ambazo bunge la Urusi lilikuwa linapigwa mizinga mwaka 1993, ikimwambia kwamba PGP imeenea kutoka Baltiki hadi Mashariki ya Mbali na itawasaidia watu wa huko udikteta ukirudi. Januari 1996 serikali ilifunga jalada lake bila mashtaka na bila maelezo.

Kabla ya hapo kulizuka swali ambalo lingewafaa wanafunzi wa sheria kwa mwaka mzima. Mhandisi Phil Karn aliiomba Wizara ya Mambo ya Nje itamke kama kitabu cha Bruce Schneier kuhusu sayansi ya mafumbo, kilichochapisha misimbo ya kompyuta kurasa kwa kurasa, kingeruhusiwa kutoka nchini. Mwaka 1994 wizara ilijibu kwamba kitabu ni ruhusa. Karn akaomba tena, safari hii kwa disketi yenye misimbo ile ile, herufi kwa herufi. Jibu: disketi ni silaha. Kwa hiyo mwandishi aliyekaa Nairobi angeweza kununua kitabu dukani, akakiandika chote kwa mkono kwenye kompyuta yake, na hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini aliyemtumia disketi kumpunguzia kazi angestahili jela.

Wenye PGP waliona mlango huo. Mwaka 1995 shirika la uchapishaji la MIT lilitoa msimbo wote wa programu kama kitabu, kwa hati ambayo skana ingeisoma bila shida. Mwaka 1997, kwa ajili ya toleo la tano, vitabu 12 vyenye kurasa zaidi ya 6,000 vilisafirishwa kihalali kabisa hadi Ulaya. Huko watu zaidi ya 70, wakiongozwa na Ståle Schumacher wa Norway, walitumia zaidi ya saa 1,000 kupitisha kurasa katika skana na kusahihisha herufi moja moja. Bano moja likipotea, programu haifanyi kazi. Wengine walichapisha fulana zenye mistari michache ya kanuni ya Rivest na wenzake, iliyofupishwa na Mwingereza Adam Back, ili msafiri akiivaa uwanja wa ndege aulizwe kama amevaa silaha.

Mahakamani swali hilo lilibebwa na Daniel Bernstein, mwanafunzi wa hisabati wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alikuwa ameandika kanuni ya kufumba aliyoiita Snuffle na alitaka kuichapisha wenzake waijadili. Serikali ilimwambia ajiandikishe kama mfanyabiashara wa silaha na kuomba kibali. Mwaka 1995, akisaidiwa na shirika la kutetea haki za watumiaji wa mtandao la EFF na wakili Cindy Cohn, alifungua kesi. Jaji Marilyn Hall Patel aliamua mwaka 1996 kwamba msimbo wa programu ni lugha, kama Kijerumani au Kifaransa kilivyo lugha, na mwenye kuuandika analindwa na Katiba inayolinda usemi. Mei 1999 mahakama ya rufaa iliunga mkono kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Uamuzi ule wa rufaa baadaye uliwekwa kando ili usikilizwe upya na jopo kubwa zaidi, na kabla halijakaa, serikali yenyewe ikalegeza kanuni Januari 2000.

Ipo njia nyingine iliyojaribiwa na serikali kudhibiti mafumbo, ambayo naitaja kwa ufupi. Aprili 1993 Ikulu ya Marekani ilitangaza chipu ya simu iitwayo Clipper, iliyobuniwa na shirika la ujasusi la NSA, ambayo ingefumba mazungumzo huku nakala ya ufunguo wa kila simu ikigawanywa na kuhifadhiwa na idara mbili za serikali. Mwaka uliofuata Matt Blaze, mtafiti wa maabara za kampuni ya simu ya AT&T, alionyesha jinsi ya kuihadaa chipu hiyo ili ifumbe bila kuiachia serikali mlango. Haikupata soko, ikafa.

Na sisi tulikuwa wapi? Intaneti ya kibiashara ilianza kuingia Kenya, Tanzania na Uganda katikati ya miaka ya 1990, wakati hasa wa mvutano huu. Kivinjari cha Netscape kilitolewa kwa namna mbili: toleo la Wamarekani na Wakanada lenye ufunguo wa biti 128, na toleo la kimataifa ambalo ufunguo wake ulikatwa hadi biti 40, ndicho kimo kilichoruhusiwa kutoka bila kibali cha silaha. Aliyekipakua kihalali Dar es Salaam au Bujumbura alipewa kufuli ambalo watengenezaji na waliowaruhusu walijua ni bovu. Agosti 1995 Damien Doligez wa taasisi ya INRIA, Ufaransa, alilivunja kwa siku nane akitumia kompyuta za kazini kwake na kwingineko. Januari 1997 Ian Goldberg, mwanafunzi wa Berkeley, alivunja fumbo la biti 40 kwa saa tatu na nusu. Mwaka 1998 EFF ilijenga mashine kwa gharama isiyofika dola 250,000, ikavunja hata kanuni ya biti 56 ambayo serikali ya Marekani ilikuwa imeipitisha kwa matumizi yake yenyewe, kwa saa 56. Nchi zetu hazikuulizwa neno katika jambo hili, na bado ndizo zilizokuwa zinafunga milango kwa makufuli hayo.

Ulegezaji wa mwaka 2000 haukuliondoa kufuli bovu duniani. Ili toleo la Marekani liweze kuzungumza na la kimataifa, watengenezaji walikuwa wameacha ndani ya seva na vivinjari uwezo wa kushuka hadi kiwango cha chini, na hakuna aliyekumbuka kuung'oa. Machi 2015 kikundi cha watafiti, wakiwemo tena watu wa INRIA, kiligundua kwamba mdukuzi anaweza kuilazimisha tovuti na simu ya mtumiaji kurudi kwenye ufunguo dhaifu wa miaka ya 1990. Kivinjari cha Apple kiitwacho Safari na kile cha Android vilinaswa. Kuvunja ufunguo mmoja kulichukua kama saa saba na dola 100 za kukodi kompyuta za mbali. Mojawapo ya tovuti zilizokutwa na udhaifu huo ilikuwa ya NSA.

Aprili 2016 WhatsApp ilifumba mazungumzo ya watumiaji wake wote, zaidi ya bilioni moja, kwa ufunguo unaokaa kwenye simu zao. Anayetuma picha ya cheti kwa ndugu aliye Muscat, au kupanga arusi na shangazi aliye Lubumbashi, anatumia wazo lile la makufuli yaliyo wazi bila kulisikia jina lake. Kila miaka michache waziri au mkuu wa polisi wa nchi fulani husimama kudai ufunguo wa akiba, na madai hayo si ya watu wabaya tu: wapo wazazi wa watoto waliodhulumiwa na wapelelezi wenye kesi za kweli mezani. Wanastahili kusikilizwa. Nami nashikilia kwamba tayari tumeona ufunguo wa akiba unavyofanya kazi, maana mmoja ulijengwa.

Mwaka 1994, katikati ya ugomvi wa Clipper, bunge la Marekani lilipitisha sheria ya CALEA, ikizilazimisha kampuni za simu kujenga ndani ya mitambo yao njia ya polisi kusikiliza kwa amri ya mahakama. Shirika la upelelezi la FBI lilikuwa limeipigania kwa nguvu. Mwaka 2024 ilifichuka kwamba wadukuzi wanaohusishwa na serikali ya China walikuwa wamejipenyeza katika kampuni kubwa za simu za Marekani, wakanakili hata baadhi ya taarifa zilizoombwa na vyombo vya dola kwa amri za mahakama. Mapema Desemba mwaka huo maofisa wa serikali waliwaita waandishi wa habari na kuwashauri raia wa Marekani watumie programu za ujumbe zinazofumba mazungumzo. Mmoja wa waliozungumza siku hiyo alitoka FBI.