Mganga Hajigangi

Hebu taja mkuu wa vita dhidi ya ufisadi Kenya aliyemaliza muhula wake kwa amani. Unakuna kichwa? Si wewe pekee.

Mamlaka ya kwanza ilizaliwa 1997. Mkuu wake, John Harun Mwau, hakufunga hata mwaka. Mnamo 1998 aliwashtaki maafisa wakubwa wa Hazina. Muda si muda akasimamishwa kazi, jopo likaundwa, akatolewa. Akaja Jaji Aaron Ringera, na Desemba 2000 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mamlaka yenyewe inakiuka Katiba. Ringera alirudi kuongoza tume mpya. Mnamo 2009 Rais Kibaki akamwongezea muhula bila kupitia bodi ya ushauri wala Bunge. Wabunge wakakataa katakata, naye akajiuzulu.

Katiba ya 2010 ilileta dawa. Kifungu cha 251 kinamruhusu mtu yeyote kupeleka ombi bungeni ili kamishna aliyekosea aondolewe. Bunge likiridhika, Rais anaunda jopo la kusikiliza pande zote. Safi kabisa, kwenye karatasi.

Mnamo 2015, mwenyekiti wa EACC, Mumo Matemu, na naibu wake, Irene Keino, walisimamishwa. Jopo likaundwa. Wote wawili wakajiuzulu kabla halijatoa ripoti. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Philip Kinisu: kampuni ya familia yake ilikuwa imefanya biashara na NYS, shirika ambalo EACC ilikuwa ikilichunguza. Alikana kosa lolote. Ombi la kumwondoa likiwa bado bungeni, Agosti 2016, naye akaandika barua.

Sisi hushangilia sana hiyo barua. Ameenda! Lakini akienda, maswali nayo huenda. Kama alikosea, hatujui alikosea wapi. Kama hakukosea, hakusafishwa. Na tukikumbuka ya Mwau, tunajua jopo lenyewe laweza kuwa fimbo ya wakubwa. Ndiyo maana ushahidi unafaa kusikizwa hadharani, hadi mwisho, hata mhusika akiwa ameshabeba virago.

Mwenyekiti wa kwanza wa EACC kumaliza muhula wake alikuwa Eliud Wabukala, Januari 2023. Huyo ilibidi tumtoe kanisani: alikuwa askofu mkuu mstaafu. Lakini nchi haiwezi kutegemea kila mara kupata mtu mwema. Inahitaji kumaliza kesi inazoanzisha.