Uzi: Ruzuku ya mbolea Meru na Embu, pesa hushikwa na nani?

Kila mvua ikikaribia mabishano ni yale yale. Mmoja anasema serikali inawadekeza wakulima. Mwingine anamjibu: wakulima gani, pesa zinaishia kwa wafanyabiashara! Turudi nyuma kidogo, wadau.

Ruzuku ya kilimo Kenya ilianzia kwa masetla. Mwaka 1942, vita vikiendelea, serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuongeza mazao. Setla alihakikishiwa mapato ya chini kwa ekari, na akapewa pesa za kuvunja ardhi mpya. Mahindi yake yalinunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya Mwafrika. Gunia ni lile lile jamani.

Na huku kwetu? Meru na Embu ni kati ya sehemu za kwanza ambapo Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, miaka ya 1930, tena kwa masharti. Mlango ulifunguka zaidi na Mpango wa Swynnerton wa 1954, katikati ya Hali ya Hatari. Kwa hivyo mtu akikuambia mkulima wa huku amezoea vya bure, muulize babu yake alipewa nini.

Miaka ya 1990 serikali iliacha kupanga bei ya mbolea, na agroveti zikachipuka karibu kila soko. Wengi husahau hili: wakulima wadogo hawakuacha mbolea, walizidi kuitumia.

2007 ikaja Kilimo Plus. Mkulima asiyejiweza alipewa vocha ya mbegu na mbolea ya ekari moja, akaipeleka agroveti, mwenye duka akalipwa na serikali. Halafu 2008 bei ya mbolea duniani ikapaa, serikali ikaanza kuuza ya bei nafuu kupitia depo za NCPB. Hapa ndipo kiini cha ugomvi. Vocha ilimpa kazi mwenye duka wa Nkubu au Runyenjes. Depo ilimruka, akabaki na mifuko ghali dukani, akiwatazama wateja wakipita kwenda kupiga foleni.

Septemba 2022 mfuko wa kilo 50 ulishuka kutoka kama 6,500 hadi 3,500, na 2023 ukafika 2,500. Watu waliandikishwa na chifu na wazee wa mtaa, kisha wakasubiri mesej kwa simu. Lakini mifuko inafuata ekari ulizoandikisha. Mwenye ekari kumi anabeba ruzuku mara kumi ya mwenye moja. Na wewe wa nusu ekari kule Mbeere, ukitoa nauli ya kwenda na kurudi, nauli ya mfuko na siku nzima uliyopoteza, ile nafuu inabaki ngapi? Baadaye vyama vya ushirika vilianza kusogeza mbolea karibu, na hilo lilisaidia.

2024 ikazuka mbolea feki ndani ya mpango huo huo. Walionunua wengine walikuwa washapanda. Msimu haurudishwi kama mfuko.

Angalia tena mnyororo wote: mkulima hashiki hata shilingi ya ruzuku. Anashika mesej. Anayelipwa ni mwagizaji, msafirishaji na mwenye ghala. Sasa, orodha ya basari hubandikwa pale kwa chifu kila mtu aisome. Ya waliolipwa kuleta mbolea, na mifuko mingapi ilifika depo gani, mbona isibandikwe hapo kando yake?